Nasaba ya Mgagani

Mvua za kwanza zikinyesha Mpwapwa, huko Ugogo katikati ya Tanzania, mgagani hausubiri kupandwa. Huota kando ya mazizi, penye samadi, ukachumwa ungali mchanga, ukachemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa kwa uchungu wake, kisha ukaungwa kwa karanga. Unaozidi huanikwa uwe akiba ya kiangazi. Kwa mlaji hiyo ni mboga tu. Kwa wanabotania ni mtoto aliyehamishwa nyumba mara kwa mara.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi aliuita Cleome gynandra. Yeye alipanga mimea kwa stameni za ua, idadi yake na urefu wake, na mgagani wenye stameni sita akauweka chumba kimoja na haradali, kabichi na figili. Mwaka 1789 Mfaransa Antoine-Laurent de Jussieu akautoa, akaupeleka kwa akina kapari, ukoo mwingine wa mimea. Hoja za kuutenga hazikosekani: tunda la haradali lina kiwambo chembamba katikati, la mgagani halina. Huko ulikaa muda mrefu. Flora of Tropical East Africa, kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, kiliuorodhesha kwa akina kapari mwaka 1964. Juzuu ya ukoo wa haradali, kazi ya Bengt Jonsell, ilipotoka mwaka 1982, mgagani haukuwamo.

Kisha ikaja DNA. Mwaka 1998 nyumba zote zikaunganishwa. Kufikia 2009 zikatenganishwa tena, mgagani ukapewa ukoo wake, Cleomaceae, ambao ndio ndugu wa karibu kuliko wote wa haradali. Mimi naona Linnaeus, kwa hesabu yake ya kitoto, alikuwa karibu na ukweli kuliko waliomsahihisha.

Mlonge, mpapai na mswaki nao wamo katika oda moja, yaani kundi moja la koo, na mgagani na haradali. Kinachowaunganisha hata pua hukijua: ukali ule unaotoka jani au mbegu ikipondwa. Mchicha, pamoja na kuuzwa fungu kwa fungu kando ya chainizi, mboga ya ukoo wa haradali, hauhusiki.

Ila kuna jambo moja linaloutenga mgagani na haradali. Hujitengenezea chakula kwa njia iitwayo C4, inayohimili joto na uhaba wa maji, sawa na mtama na uwele wa Ugogo. Chainizi hainayo.