Chumba na Sauti Yake

Elimu ya sauti ndani ya majengo, kama tuijuavyo leo, ilianza kwa lawama. Katika mwaka wa 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani, kilifungua jumba la sanaa la Fogg, na ndani yake ulikuwamo ukumbi wa mihadhara ambao mwalimu hakuweza kusikika akaeleweka. Neno lililotamkwa lilidumu hewani sekunde tano na nusu, hata maneno mengine mengi yakawahi kulifuata na kuchanganyika nalo. Rais wa chuo, Charles Eliot, alimtaka mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, atafute dawa.

Vyombo vyake vilikuwa vichache: bomba la kinanda, saa ya kupimia na masikio yake mwenyewe. Alilipuliza bomba, akalinyamazisha, akapima muda ambao sauti iliendelea kusikika. Kisha aliazima matakia ya viti vya ukumbi wa Sanders uliokuwa jirani, akayaingiza kidogo kidogo, akapima kila mara. Kazi hii ilifanyika baada ya usiku wa manane, na asubuhi matakia yalikuwa yamekwisha kurudishwa mahali pake. Matakia yalipojaa ukumbini, mvumo ulikatika baada ya sekunde moja na kidogo. Mwaka 1898 aliitambua kanuni iliyojificha katika hesabu zake: zidisha ujazo wa chumba, kwa meta, kwa 0.161, ugawanye kwa jumla ya unyonyaji wa vyote vilivyomo, nawe utapata sekunde za mvumo. Kipimo cha unyonyaji alichokichagua chapendeza kwa urahisi wake: dirisha lililo wazi, maana sauti itokayo dirishani hairudi. Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900, ilijengwa kwa mwongozo wa hesabu hizo.

Kanuni ya ukumbi yafaa pia kwa chumba cha nyumbani, ingawa kwa kadiri. Tuchukue chumba cha meta 4 kwa 3, chenye kimo cha meta 2.5. Ujazo wake ni meta 30, na jumla ya kuta, dari na sakafu ni meta za mraba 59. Ikiwa vyote ni lipu tupu inayonyonya sehemu 3 tu kwa mia, mvumo utakaribia sekunde 2.7, na mwimbaji ataonekana kama aimbaye kisimani. Funika meta za mraba 10 kwa sufi nzito inayonyonya sehemu 80 kwa mia, na mvumo utashuka hata nusu sekunde. Lakini sauti nene hazitii upesi. Wimbi la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu meta 7. Pazia jembamba kwake ni kama halipo.

Sasa yafaa kuuliza kwa nini Sabine alifanya kazi usiku. Mchana palikuwa na watu na tramu za mjini, na matakia yote ya Sanders yasingaliweza kuzizuia. Jambo hili, kwa maoni yangu, halikupewa uzito uliostahili. Kuutuliza mvumo wa ndani ni kazi moja. Kuzuia sauti isiingie wala isitoke ni nyingine kabisa, na huhitaji uzito, si ulaini. Ukuta ukiongezwa uzito maradufu huzuia takriban desibeli 6 zaidi. Kuta mbili zisizogusana hufanya vizuri kuliko moja nene.

Historia ya studio za nyumbani yaonyesha tofauti hiyo. Katika miaka ya 1950 Rudy Van Gelder, ambaye riziki yake ya mchana ilikuwa kupima macho, alirekodi wanamuziki wa jazi katika sebule ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey; dirisha la kioo liliitenga sebule na chumba cha mitambo. Thelonious Monk aliuita muziki wake mmoja kwa jina la mji huo. Kule London, Joe Meek alikodi ghorofa juu ya duka la bidhaa za ngozi, nambari 304 Holloway Road, akalitumia bafu kwa ajili ya mwangwi wake. Muziki wa "Telstar", uliotoka humo mwaka 1962, uliongoza Uingereza na Marekani. Wote wawili walijua kuutumia mvumo. Barabara ya Meek, hata hivyo, haikunyamaza kwa ajili yake.

Kwetu, Siti binti Saad alilazimika kusafiri hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake iingie katika santuri. Leo kijana hujitengenezea studio katika chumba cha kulala, akabandika trei za mayai ukutani, akashangaa jirani bado analalamika. Trei ni nyepesi. Hainyonyi sauti nene wala haizuii yoyote. Afadhali angeanza na mlango. Upenyo ulio sehemu moja kwa mia ya eneo la mlango hupitisha sehemu moja kwa mia ya nguvu ya sauti, hata mlango wenyewe ungekuwa wa chuma. Na sehemu hiyo moja, sikio huihisi kama robo nzima ya kelele.