Kitambaa Amilifu

Katika jumla ya istilahi zilizoletwa na ufundi wa zama hizi, iko moja ambayo watu wa Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, wana haki ya kuifasiri kabla ya wengine, nayo ni ile itajayo vitambaa visivyotengenezwa kwa kuustiri mwili wala kuupamba, bali kwa kazi maalumu, kama kuchuja maji, kuzuia udongo au kung'arisha vyuma. Wako waviitao vitambaa vya kiufundi; jina hilo halitoshi, kwa kuwa hata kikoi ni zao la ufundi. Mimi naona kitambaa amilifu ndilo jina lifaalo, maana amilifu, neno lenye asili moja na amali, limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya isimu. Wazee wa pwani nao walilipa jani geni la mkonge jina la katani, neno la Kiarabu la kitani, kwa kuitazama kazi ya singa zake.

Haki hiyo yatokana na mkonge, ulioletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, ukasalimika miche 62 tu, hata mnamo 1964 mashamba ya Tanzania yakatoa zaidi ya tani 200,000 za singa. Lakini katika uzito wa jani singa ni kama sehemu 4 tu kwa 100. Maji, nyama ya jani, na singa fupi zilizoponyoka katika korona, yaani mashine ya kukwangulia majani, huchukuliwa na mfereji. Pale Hale, wilayani Korogwe, Kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kuyageuza masalio kuwa gesi ya kuzalishia umeme, jambo la kusifiwa sana. Lakini singa fupi zastahili zaidi ya kuozeshwa.

Singa fupi haisokoteki vema kuwa uzi, na pasipo uzi hapana mtande wala mshindio. Kwa hiyo huoshwa, hukaushwa, huchambuliwa kwa magurudumu yenye meno, hutandazwa tabaka juu ya tabaka, kisha sindano maelfu zenye vijino ubavuni hushuka na kupanda, zikizivuta singa za juu na kuzitatiza na za chini, hata tandiko zima likashikamana kwa msuguano wa singa zenyewe, bila gundi. Magunia yaliyochakaa na nguo kuukuu, zikichanwa hata zikarudi kuwa singa, hupita katika sindano zilezile. Hizo ndizo singa zilizorejelezwa.

Hicho ni kitambaa, japo hakikufumwa, na ubora wake hupimwa kwa amali yake: hupitisha maji kiasi gani, hustahimili mvuto upi, huoza baada ya muda gani. Kuoza, ambako kwa kamba ya meli ni aibu, kwa tandiko la kwenye mteremko ni sifa, kwa maana huushika udongo mpaka nyasi zitie mizizi, kisha lenyewe likawa udongo. Plastiki ya polipropilini haiwezi hilo. Na Handeni, ambako maji ni haba na malambo ni tegemeo la watu na mifugo, kingo za malambo hayo ndipo mahali ambapo kitambaa amilifu cha Korogwe kingepaswa kutandazwa kwanza.