Vichwa vya Qingdao na Mlima wa Mlimba

Msafiri aliyepanda garimoshi la TAZARA kutoka Dar es Salaam huivuka kwanza nchi ya wanyama, iliyojulikana zamani kwa jina la Selous na ambayo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kisha huingia katika bonde la Kilombero. Mkono wa kulia husimama milima ya Udzungwa, mkono wa kushoto hulala mashamba ya mpunga yakinyoosha kuuelekea mto. Hupita Mang'ula, hupita Ifakara, na baada ya masafa marefu ya tambarare hufika Mlimba. Hapo bonde huishia, na reli huanza kupanda. Mlimba iko mita chache mia juu ya bahari. Makambako, iliyo mbele yake kwa kiasi cha kilomita 150, iko juu ya mita 1,600. Katika kipande hicho kimoja wajenzi walitoboa mahandaki 18, na juu ya mto Mpanga wakasimamisha daraja lenye nguzo zinazokaribia urefu wa mita 50.

Habari za reli hii zimesimuliwa mara nyingi kwa lugha ya siasa, na si bure. Mataifa ya Magharibi na Benki ya Dunia yalikuwa yameukataa mradi huu. Tanzania, Zambia na China zikatia saini mapatano jijini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Kazi ikazinduliwa Oktoba 1970. Njia yote ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Zambia ilipata njia ya kuipeleka shaba yake baharini bila kupita katika nchi zilizotawaliwa na walowezi. Lakini lipo simulizi jingine lililofunikwa na hilo kubwa, nalo ni la vyombo: vipi chombo kilichotengenezwa kwa ardhi nyingine kiliikabili ardhi ya Mlimba, na waliokuwa nacho walikifanya nini kilipochoka.

Vichwa vya kwanza vya garimoshi vilitoka katika kiwanda cha Sifang katika mji wa Qingdao. Vilikuwa vya ukoo ulioitwa Dong Fang Hong, maana yake Mashariki ni Nyekundu, na wapenda mashairi watafurahi kujua kwamba hilo ni jina la wimbo wa kumtukuza Mao. Ni nadra mtambo wa chuma kupewa jina la wimbo. Vile vya safari ndefu vilikuwa na nguvu za farasi 2,000, na mwendo wao ulipitia katika mafuta: injini ya dizeli huyasukuma mafuta kwa kasi ndani ya chombo maalumu, nayo mafuta huizungusha mitambo inayofika kwenye magurudumu. Mfumo huo ni mwepesi na hufanya kazi vyema mahali pa tambarare. Ukipandishwa mlima na shehena nzito, kwa saa nyingi, mafuta huchemka, nguvu nyingi hupotea kwa njia ya joto, na sehemu zake huchakaa kabla ya wakati.

Hayo ndiyo yaliyotokea baina ya Mlimba na Makambako. Vichwa vilielemewa, treni moja ikahitaji vichwa viwili, na kichwa kilichopelekwa kumsaidia mwenzake ni kichwa kilichokosekana kwingineko. Mvua kubwa za mwaka 1979 zilizoharibu njia ziliongeza msiba juu ya msiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa wazi kwamba shirika lenye njia nzuri ya reli halikuwa na vichwa vya kuitumia.

Itakuwa dhuluma kuwalaumu mafundi wa Qingdao peke yao. Walituma walichokuwa nacho, na walikituma wakati ambapo wengine hawakutuma kitu. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la kudhani kwamba mtambo ni mtambo popote uwekwapo.

Suluhisho lililofuata lilikuwa na sehemu mbili, na ya pili haijapata sifa inayostahili. Ya kwanza ilikuwa kununua. Mwaka 1983 vilianza kuingia vichwa vya aina ya U30C, vilivyobuniwa na kampuni ya General Electric ya Marekani. Katika hivi, injini ya dizeli haiyasukumi mafuta. Huzalisha umeme, na umeme huo huendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Mfumo huo ni mzito zaidi, lakini huvumilia mlima. Ya pili ilikuwa kuvifufua vya zamani. Baadhi ya vichwa vya Qingdao vilitolewa injini zake za asili na kufungiwa injini za MTU za Ujerumani. Fremu, magurudumu na kibanda cha dereva vikabaki vya Kichina. Moyo ukawa wa Kijerumani.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Jahazi lililochoka halichomwi moto. Mbao zake nzima huhamia katika chombo kingine, misumari hunyooshwa, na ganda lililokuwa likienda kwa tanga hufungwa injini iliyotolewa katika lori. Nahodha hajali injini imezaliwa wapi. Hujali kama inalingana na uzito wa chombo na kama fundi wa kuifungua yupo bandarini. TAZARA ilifanya kwa mahesabu ya wahandisi kile ambacho mafundi wa majahazi walikifanya kwa macho na mikono.

Hata hivyo kufufua kuna gharama yake. Shirika lililokuwa na aina moja ya injini sasa lilikuwa nazo tatu: ya Kichina, ya Kijerumani na ya Kimarekani. Kila moja ilidai vipuri vyake, vitabu vyake vya mafundisho na mafundi wanaoijua, na vyote hivyo vilinunuliwa kwa fedha za kigeni katika miaka ambayo fedha za kigeni zilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Karakana kuu za reli zilikuwa mbili, Dar es Salaam na Mpika nchini Zambia. Baina yao kuna mamia ya kilomita, na Mlimba imo humo katikati, ikingoja. Chombo cha zamani huwa rahisi pale tu penye karakana, vipuri na mtu anayekijua. Vikikosekana hivyo vitatu, huwa ghali kuliko kipya, maana hukaa bila kufanya kazi na bado hulindwa, huhesabiwa na huchukua nafasi.

Bonde lenyewe lilikuwa na karakana. Wachina walipokuwa wakijenga, Mang'ula ilikuwa mojawapo ya kambi zao kubwa, na hapo palikuwa na mashine za kuchonga chuma na kutengeneza vipuri vya mitambo ya ujenzi. Kazi ilipokwisha, mashine hizo hazikufungwa na kurudishwa kwao wala hazikuachwa zipate kutu. Zilifanywa kampuni ya umma, iliyoitwa Mang'ula Mechanical and Machine Tools. Katika historia ya viwanda Tanzania ni vigumu kupata mfano bora wa vyombo vya kazi iliyokwisha kupewa kazi nyingine papo hapo vilipo. Ni vigumu pia kupata mfano wa huzuni zaidi, kwa kuwa kiwanda hicho hakikudumu katika uhai huo, kama vilivyofifia viwanda vingi vya umma vya zama zile. Chuma kilikuwepo na reli ilipita mlangoni. Uwezo wa kutengeneza kifaa ulikuwa jirani na garimoshi lililosimama kwa kukosa kifaa.

Kwa wakazi wa Mlimba haya hayakuwa mambo ya ofisini. Reli ilikuwa imewaletea soko. Bonde ambalo Wandamba walikuwa wakisafiri kwa mitumbwi, na ambalo msimu wa mafuriko uligawanya vijiji kama visiwa, lilipata chombo kinachopita masika na kiangazi. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake Africa's Freedom Railway cha mwaka 2009, alizifuatilia stakabadhi za vifurushi vilivyosafirishwa na wafanyabiashara wadogo, na kwa karatasi hizo zilizodharauliwa akaonyesha jinsi watu wa ukanda wa reli walivyoigeuza njia iliyojengwa kwa ajili ya shaba kuwa njia ya mchele, ndizi na samaki. Treni ya vituo vidogo waliiita kipisi. Kipisi kikichelewa siku mbili, ndizi huiva stesheni. Kikichelewa nne, humwagwa. Mama mwenye mikungu kumi hakuwa na haja ya kujua tofauti ya mafuta na umeme katika kichwa cha treni, lakini tofauti hiyo ililala katika kapu lake.

Shehena ikapungua mwaka hadi mwaka. Katika miaka yake bora ilikuwa imepita tani milioni moja kwa mwaka. Katika mwaka wa fedha 2014/15 ilishuka hadi tani 88,000 hivi. Vichwa vilivyoshindwa kutengenezwa vilitolewa vifaa vyake kimoja kimoja ili kuokoa vingine. Njia hiyo ya kuazima kwa maiti huwapa uhai walio hai, ila ina mwisho, na mwisho wake ni uwanja wa mifupa. Hapo tena ndipo biashara ya vyuma chakavu huingia. Chuma cha behewa lililokufa kikiyeyushwa na kuwa nondo, hiyo ni faida kwa wote. Boliti ikifunguliwa katika reli inayotumika, hiyo ni hatari kwa roho za watu. Kwenye mzani wa mnunuzi asiyeuliza, vyuma hivyo viwili vina bei moja.

Septemba 2024, marais wa Tanzania na Zambia pamoja na rais wa China walishuhudia jijini Beijing kutiwa saini hati ya kuifufua reli. Mkataba uliofuata mwaka 2025 uliikabidhi kwa kampuni ya Kichina, CCECC, kwa miaka 30, kwa uwekezaji uliotajwa kuwa dola bilioni 1.4. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni ya kuitengeneza njia yenyewe, na zinazobaki ni za kununua vichwa vipya 32 na mabehewa 762. Mataruma mengi ya zege yaliyowekwa na wajenzi wa kwanza yamo chini ya reli hadi leo, na vichwa hivyo vitakapokuja vitapita juu yake vikitoka Ifakara, vitasimama Mlimba, kisha vitaanza kupanda kuelekea Mpanga.