Chumvi ya Ivuna, na watoto je?

Leo nimetoka maktaba na swali moja: kwenye historia ya chumvi, watoto wako wapi?

Sisi wa Tunduma, Ivuna ni ya kwetu, iko humu humu Songwe, karibu na Ziwa Rukwa. Sekondari tulikariri jina lake pamoja na Uvinza, tukafaulu mtihani, basi. Kumbe mwaka 1966 Brian Fagan alichimba pale, akakuta mabaki ya kazi ya chumvi ya karne ya 13 hadi ya 15!

Kazi yenyewe ni hivi: udongo wenye chumvi unamwagiwa maji, unachujwa, halafu maji yale yanachemshwa mpaka yakauke, chumvi inabaki. Ni kazi ya kiangazi, mvua ikianza imeharibika. Kule Uvinza, Kigoma, familia zilihamia kabisa msimu huo, zikaishi kwenye vibanda vya nyasi.

Sasa fikiria mama ana mchanga mgongoni, mwingine ndo kwanza anatambaa, na chungu kinatokota kutwa. Nani alimshika? Nani alitumwa kuni? Vigae havisemi. Ila sisi tuliokulia jikoni kwa bibi tunajua: kuna dada wa miaka minane hapo, anafukuza wadogo wasisogelee moto. Mtihani haujawahi kumuuliza huyo.

Nikienda mazoezi ya kufundisha, nitaanza naye. Tarehe baadaye.

Haya, nakimbilia kipindi. Kwenu nani alikuwa anawashika wadogo?