Betri ya kuchomoa

Betri ya laptopu yangu nyembamba ilivimba, na fundi wangu hapa Umoja akaifungua, akatikisa kichwa. Betri imegandishwa kwa gundi, RAM nayo imechomelewa kwenye bodi. Bei ya kuitengeneza, basi tu!

ThinkPad za mitumba tulizojifunzia kuandika programu zilikuwa nzito kama tofali. Lakini stima ikipotea ulichomoa betri iliyokwisha, ukapachika nyingine.

Kisha Januari 2008 Steve Jobs akaitoa MacBook Air ndani ya bahasha. Dunia ikashangilia. Wembamba ule ulilipiwa: mlango mmoja tu wa USB, betri isiyochomoka, RAM ya GB 2 isiyoongezeka. Watengenezaji wengine wakafuata, wengine polepole. ThinkPad T480 ya 2018 bado ilikuwa na betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa, kwa hiyo ulibadilisha ya nje bila kuzima mashine. T490 ya 2019 ikabaki na ya ndani pekee.

Sasa cheka nami. Apple hao hao walipotoa Vision Pro mwaka 2024, ile kompyuta ya kuvaa usoni, betri waliitoa nje, ikaning'inia kwa waya hadi mfukoni! Hata hivyo, kifaa chenyewe kilizidi gramu 600. Mapaja huvumilia kilo moja na nusu, shingo haivumilii.

Mimi nimenunua T480 ya mtumba. Betri ya akiba iko mkobani, kando ya tochi.