Anwani ya Kompyuta na Mashahidi Wake: Kutoka 1981 hadi Simiyu

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu yake Bariadi, ulianzishwa Machi 2012, mwaka mmoja baada ya IANA, taasisi inayosimamia hazina ya anwani za intaneti duniani, kugawa mafungu yake ya mwisho ya anwani za toleo la nne la itifaki ya intaneti. Anwani hizo, ambazo kanuni zake zilichapishwa Septemba 1981, ni namba za biti 32 zinazofikia takriban bilioni 4.3, hazina iliyoonekana haiishi enzi ambazo kompyuta zilizounganishwa zilikuwa mamia tu.

Mwaka 1983, mfumo endeshi wa 4.2BSD wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliipa programu njia nyepesi ya kuijua anwani ya kompyuta yake: iliuliza jina la mashine, kisha ikalitafutia jina hilo namba. Njia hiyo ilitosha mradi kila mashine ilikuwa na anwani moja inayotambulika kote. Uhaba ulipokaribia, ilipendekezwa mwaka 1994 kwamba ruta, yaani kifaa kinachoelekeza mawasiliano, ibadilishe anwani za ndani kuwa ya nje, na mwaka huohuo namba zinazoanza na 10 au 192.168 zikatengwa kwa matumizi ya ndani. Ndivyo kompyuta nyingi zilivyoanza kutumia anwani moja ya nje, kama walimu na wanafunzi wanavyotumia sanduku moja la posta la shule.

Kwa hiyo programu ya mizani ya pamba katika chama cha msingi cha ushirika huko Bariadi, ikiuliza kwa njia ya 1983, huenda ikajibiwa 127.0.0.1, anwani ambayo kompyuta huitumia kuzungumza na nafsi yake. Jibu bora hupatikana kwa kufungua soketi ya UDP, yaani mlango wa mawasiliano usiohitaji makubaliano ya awali, na kuielekeza kwenye anwani ya mbali: bila pakiti yoyote kutumwa, mfumo endeshi huchagua njia, na programu huisoma anwani iliyochaguliwa. Hiyo nayo mara nyingi ni ya ndani, na inaifaa kompyuta jirani ya ofisi hiyohiyo. Ya nje hujulikana kwa kuuliza seva iliyo nje ya ruta, utaratibu uliowekewa kanuni ya STUN mwaka 2003.

Toleo la sita, lenye biti 128, limeondoa uhaba, lakini kadi moja ya mtandao hubeba anwani kadhaa, hivyo mwandishi wa programu hana budi kuamua kwanza ni nani atakayeitumia anwani anayoitafuta.