Afande na Muungwana

Hapa Buguruni neno "afande" halina likizo. Mlinzi wa ghala huitwa afande, polisi wa usalama barabarani ndiye afande hasa, na dereva wa daladala aliyekamatwa hulitamka kwa sauti laini kuliko ile anayomsemeshea mama yake mzazi. Wengi hudhani tumelirithi kwa Waingereza. Sivyo. Ni neno la Waturuki, nao walilipata kwa Wayunani.

Kwa Kituruki ni efendi. Wayunani walikuwa na neno authentes, yaani bwana mwenye mamlaka yake, na Waturuki wakalilainisha kwa ulimi wao. Ndugu wa neno hilohilo alipita njia ya Kilatini na Kifaransa akaingia katika Kiingereza kama "authentic", kitu halisi kisichoghushiwa. Kwa hiyo afande na cheti halali wana babu mmoja, ingawa hawajuani.

Katika dola ya Osmani, efendi alikuwa mtu aliyesoma: karani, kadhi, mwanachuoni. Huko Misri, mwanzoni mwa karne ya 20, walioitwa hivyo ni vijana waliosoma shule za serikali, wakavaa suti na tarbushi na kushika kazi ya ukarani au ualimu. Maana yake mimi, niliyeshika chaki maisha yangu yote, Kairo ningeitwa efendi pasipo kugusa bunduki. Mwaka 1934 Uturuki ilifuta kwa sheria vyeo vya efendi, bey na pasha, lakini neno halikufa. Mturuki akitaka kufasiri neno la Kiingereza "gentleman", anayo maneno kadhaa: beyefendi, la kumwita mtu kwa heshima, centilmen, ambalo ni Kiingereza kilichovishwa kanzu ya Kituruki, na efendi, kwa mtu mtulivu, mwenye adabu. Sisi tungesema muungwana.

Basi muungwana huyo alifikaje kwetu akiwa na kiboko mkononi?

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa na Ujerumani kuzima vita vya pwani vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim. Alikwenda kwanza Misri kutafuta askari, akapata Wasudani wapatao 600. Wengi wao walikuwa wamelitumikia jeshi la Misri, ambalo tangu zama za Muhammad Ali lilitumia vyeo vya Kituruki. Walishuka pwani yetu na vyeo hivyo vinywani: ombasha, yaani mkuu wa watu kumi, shaushi, na juu yao efendi. Wajerumani wakavitwaa vilevile. Efendi kikawa cheo cha juu kabisa cha Mwafrika, lakini hakuna efendi aliyempa Mjerumani amri. Raia, kwa upande wake, alijifunza neno hilo akiwa mbele ya mtutu. (Karakol kwa Kituruki ni kituo cha ulinzi au cha polisi, msomaji alinganishe na korokoroni yetu.)

Waingereza nao, katika miaka ya 1950, waliweka cheo cha efendi katika KAR kwa Waafrika ambao hawakutaka kuwapa uofisa kamili. Idi Amin alikipata mwaka 1959. Waingereza haohao husema kuwa ofisa sharti awe "gentleman". Wakachukua neno lenye maana hiyohiyo, wakampa mtu waliyemhesabu kuwa si mmoja wao. Sidhani kama walijua.

Nilipopitia JKT miaka ya 1970, afande wetu alikuwa mdogo wangu kwa umri na hakufika darasa la nane. Sisi wenye vyeti vya ualimu tulimwita afande kutwa, naye alituita wasomi, kwa kejeli. Kamusi ya Kairo ingebadilishana majina yetu.

Msomaji asidhani neno letu limezaliwa safi. Zamani hapa pwani muungwana alikuwa kinyume cha mtumwa. Ulikuwa ni ukoo kwanza, tabia ikafuata. Hata "gentleman" alianza kuwa mtu wa nasaba. Tanganyika ilifuta utumwa kwa sheria mwaka 1922, na neno likafunguka pole pole kwa kila mtu. Leo muuza mihogo akikurudishia chenji uliyoisahau, utamwita muungwana, wala hakuna atakayeuliza babu yake alikuwa nani. Efendi alisafiri njia hiyo kwa Waturuki. Kwetu alikwama kambini.

Mwaka fulani nilisimama karibu na mama lishe aliyekuwa akinyang'anywa vyombo na mgambo. Hakulia. Alishika mkono wa sufuria upande mmoja, mgambo ameshika upande wa pili, akasema, "Afande, hebu kuwa muungwana, mwanangu." Kijana aliitazama ile sufuria kwa muda. Kisha akachukua meza, sufuria akaiacha.